Mama anasahau na anapungua: nimlishe nini?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 73. Ana presha na kisukari, na kwa kisukari anameza metformini, huu mwaka wa tisa. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile mara tatu nne ndani ya saa moja, na mwezi uliopita aliacha jiko likiwaka. Amepungua pia, nguo zinampwaya. Ndugu zangu wamegawanyika. Mmoja analeta vidonge vya mafuta ya samaki. Mwingine amemkataza nyama, sukari na chumvi kabisa. Wa tatu anasema kuna mlo uliothibitishwa kuzuia ugonjwa wa kusahau, tumwanzishie. Je, chakula kinaweza kumrudishia kumbukumbu? Na mimi niliyefikisha 46, nianze kula nini nisije nikafika huko?*

Marahaba. Pole kwa mama, na pole kwako uliyekaa katikati ya ndugu watatu kila mmoja na dawa yake mkononi.

Umeuliza mawili kwa pamoja, na watu wengi huyapa jibu moja: "ale vizuri". Lakini mlo wa kukukinga wewe na mlo wa kumfaa mzee ambaye tayari anasahau na anakonda si mlo mmoja. Baadhi ya yanayokufaa wewe yanaweza kumdhuru yeye. Naanza na mama, maana yake hayasubiri.

Katika barua yako yote, kilichonishtua zaidi si jiko. Ni nguo kumpwaya. Mzee anayesahau akianza kukonda bila kukusudia, kukonda kwenyewe ni dalili, tena kwa wengine hutangulia: uzito huanza kushuka miaka kadhaa kabla ya mtu kuambiwa ana dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Sababu ni nyingi na hushikana. Pua huchoka kunusa, na chakula kisichonukia hakina ladha. Kupika ni kazi ya hatua nyingi zinazofuatana, nayo huwa miongoni mwa kazi za mwanzo kuvurugika. Mtu husahau kama amekula, au hukumbuka kabisa kwamba amekula, kumbe anakumbuka ya jana. Meno bandia hulegea ufizi unapopungua. Huzuni huondoa hamu. Na metformini yenyewe hupunguza hamu ya kula. Kwa mtu mnene hiyo ni faida, kwa mama yako sasa ni hasara.

Juu ya hayo yote, ndugu yako amemwondolea nyama, sukari na chumvi kwa mpigo mmoja. Nia yake njema. Ila mzee anayekula kidogo, ukimwondolea anachokipenda, hali kingine badala yake, anaacha kula. Misuli inaisha, miguu inakosa nguvu, anaanguka, analazwa, na wazee wengi hutoka wodini wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Kwa hiyo mkiniuliza la kufanya kesho asubuhi, nitasema: mrudishieni nyama, halafu mpelekeni akapimwe damu.

Kipimo ninachokitaka kwanza ni cha vitamini B12. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu historia ya mama yako inaelekeza huko na ni jambo ambalo hupitwa kirahisi.

Vitamini hii hupatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Mwili wa mtu mzima unahitaji kiasi kidogo mno, kama mikrogramu 2.4 kwa siku. Shida haiko kwenye kiasi, iko njiani. B12 huingia tumboni ikiwa imeshikamana na protini ya chakula, na asidi ya tumbo ndiyo huibandua. Kisha tumbo lenyewe hutoa protini maalumu ya kuibeba hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ambako hufyonzwa. Uzeeni ukuta wa tumbo hukonda na asidi hupungua. Mzee akimeza kwa miaka dawa za kuzuia asidi kama omeprazoli, inapungua zaidi. Na metformini hukwamisha kazi kule mwishoni kabisa, kwenye kufyonzwa, na kadiri dozi ilivyo kubwa na miaka inavyoongezeka ndivyo hatari inavyokua. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu wa B12 kwa wanaotumia metformini si jambo la nadra, na kwamba mwenye dalili apimwe. Ini huweka akiba ya vitamini hii inayoweza kutosha miaka, ndiyo maana upungufu hujitokeza polepole, pale ambapo hakuna anayeikumbuka tena dawa iliyouleta. Miaka tisa inatosha sana.

Upungufu wenyewe unafananaje? Kusahau, uzito wa kufikiri, huzuni au hasira zisizo na sababu, ganzi na kuchomachoma miguuni, kuyumba gizani. Kwa mgonjwa wa kisukari ganzi hiyo huandikwa moja kwa moja kuwa ni kisukari kimefika kwenye mishipa ya fahamu, na faili linafungwa. Wengine hudhani kwamba kama damu haijapungua, B12 ipo. Si kweli. Mishipa ya fahamu inaweza kuumia wakati wingi wa damu uko sawa, na hasa mtu akiwa anameza vidonge vya asidi foliki, kwa sababu foliki huficha upungufu wa damu huku uharibifu ukiendelea chini kwa chini.

Tiba ni sindano au vidonge vya dozi kubwa. Vidonge vya mikrogramu 1,000 hufanya kazi hata kwa wengi ambao njia ya kawaida ya ufyonzaji imeharibika, kwa sababu asilimia moja hivi hupenya yenyewe, na asilimia moja ya 1,000 ni mikrogramu 10, mara nne ya mahitaji. Usimwachishe metformini kwa uamuzi wako. Daktari wake ndiye apime kama abadilishe dawa au aongeze tu vitamini.

Sitaki kukuuzia matumaini. Wengi wanaosahau kama mama yako hawatapatikana na upungufu huu, na kati ya watakaopatikana nao, wapo ambao walichelewa na kumbukumbu hairudi yote. Lakini ni tundu moja la sindano, na ndiyo sehemu pekee ya swali lako la kwanza ambako ninaweza kujibu "ndiyo, huenda ikarudi".

Damu hiyo hiyo ipimwe pia homoni ya tezi ya shingo, chumvichumvi za damu, figo, na sukari. Kuhusu sukari nina neno. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Lakini uliza kama kuna dawa nyingine ya kisukari aliyoongezewa, mathalani glibenklamidi au insulini, kwa sababu hizo humeza sukari hata kama sahani ni tupu. Mzee anayetumia dawa hizo, kisha ndugu wakamkatia wanga, sukari yake inaweza kushuka mno saa nane usiku, akatangatanga nyumbani bila kujua yuko wapi, na asubuhi mkasema ugonjwa wa kusahau umezidi. Kwa mzee mwenye maradhi kadhaa na kumbukumbu inayopungua, wataalamu wa kisukari hulegeza lengo: badala ya kumlazimisha kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 7, hukubali chini ya 8. Muulizeni daktari wake lengo la mama ni lipi. Mara nyingi hakuna aliyelibadilisha tangu akiwa na miaka 64.

Maji pia. Kiu hufifia uzeeni. Mwili unakauka na mtu haombi. Homa kidogo, kuharisha siku moja, au maambukizi ya njia ya mkojo juu ya ukavu huo, na mtu anageuka mwingine kabisa ndani ya saa chache. Kuchanganyikiwa kwa ghafla namna hiyo si kusahau kwa pole pole. Ni dharura, mtu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabla hujanunua kidonge chochote kipya, kusanya vya zamani. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za kubana kibofu: hizi hufunika akili ya mzee kama ukungu. Nimewaona wazee wengi zaidi waliochangamka kwa kupunguziwa dawa kuliko waliochangamka kwa kuongezewa.

Sasa chakula chenyewe cha mama. Kwa mtu wa umri wake lengo langu la kwanza ni uzito usishuke tena, la pili ni protini, na mengine yote yanafuata nyuma. Mtu mzima wa kawaida huhesabiwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kwa wazee wataalamu wa lishe wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2, isipokuwa figo ziwe zimechoka, na kwa hilo vipimo vitasema. Kama mama ana kilo 55, anahitaji kama gramu 55 hadi 66 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 hukaribia 20 hadi 25. Utaona haifikiki kwa chai na mkate. Zigawanywe kwenye milo yote. Mzee akipewa nyama yote usiku, anakula robo na kushiba. Milo mitano midogo humfaa kuliko mitatu mikubwa.

Chumvi aliyenyimwa kabisa, arudishiwe kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa vyote alivyokula, na mwenye presha ana sababu zaidi ya kubaki chini ya hapo. Chini ya hapo, sio sifuri. Kama dawa yake ya presha ni ile ya kukojosha, chumvi ya damu inaweza kushuka mno, na kushuka huko nako huleta kuchanganyikiwa. Pungusheni taratibu kwa wiki kadhaa, ulimi utazoea, huku mkiongeza ndimu, vitunguu na viungo. Sukari vivyo hivyo: soda na juisi za viwandani ziondoke, hilo sina ubishi nalo. Kijiko kidogo kwenye uji ambao bila hicho hauli, mimi sitamnyang'anya.

Mambo mawili ya mezani ambayo hayaandikwi kwenye cheti cha daktari. Kwanza, asile peke yake. Mtu anayesahau huangalia mwenzake anavyofanya na kufuata: kijiko kimepanda, naye anapandisha. Pili, sahani. Ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimenshia inayowapata wengi zaidi, unapokomaa huathiri hata uwezo wa macho kutenganisha rangi zinazokaribiana. Wali mweupe juu ya sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe ni sawa na hakuna kitu. Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2004 utafiti mdogo wa wagonjwa walioendelea sana, ambapo vyombo vya rangi iliyokolea viliwafanya wale robo zaidi ya walichokuwa wakila, na kunywa zaidi pia. Utafiti mdogo, ndiyo, ila kubadili sahani hakumdhuru mtu. Na jiko: apike akitaka, lakini awe na mtu pembeni. Kumfungia jiko kabisa mtu aliyepika maisha yake yote kunaweza kumwondolea na hamu ya kula. Akianza kupaliwa au kukohoa kila anapokunywa, hilo ni suala la kumeza, nalo lina mtaalamu wake, msilinyamazie.

Nirudi kwa ndugu yako wa mafuta ya samaki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza hatari ya dimenshia, na humo likasema wazi kwamba vidonge vya vitamini B, vitamini E, mafuta ya aina ya omega na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kwa lengo hilo. Mmea wa ginkgo, unaouzwa sana kwa jina la kumbukumbu, ulijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069 waliofuatiliwa miaka kadhaa. Matokeo yalipotoka mwaka 2008, waliomeza ginkgo walipata dimenshia sawa na waliomeza kidonge kitupu. Mama akiwa anatumia dawa za kuyeyusha damu, ginkgo inaweza hata kumwongezea kutoka damu. Ili nisiwe mchoyo wa ukweli: kuna majaribio ya karibuni ya Marekani ambayo kidonge cha kila siku cha vitamini na madini mchanganyiko kiliwapa wazee nafuu ndogo kwenye mitihani ya kumbukumbu, wakati dondoo ya kakao iliyojaribiwa pamoja nacho haikusaidia. Nafuu hiyo ni ya alama za mitihani. Hakuna aliyeonyesha kwamba inazuia ugonjwa.

Usione kama najipinga, nasifia B12 halafu naponda vidonge vya vitamini B. Ndoo yenye upungufu ukiijaza, umesaidia. Iliyojaa ukiiongeza, maji yanamwagika tu. Mafuta ya samaki mama anayapata vizuri kutoka kwa samaki, ambaye anakuja na protini na B12 yake.

Kisha yule wa tatu, mwenye mlo uliothibitishwa. Bila shaka anazungumzia mlo uitwao MIND. Habari yake inafundisha, kwa hiyo nitaisimulia.

Mtafiti Martha Clare Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, waliuunganisha mlo wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania na ule wa kushusha presha uitwao DASH, wakachagua ndani yake yale yaliyoonekana kugusa ubongo: mboga za majani karibu kila siku, matunda madogo ya jamii ya beri, njugu na mbegu, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki walau mara moja kwa wiki, mafuta ya zeituni, na kupunguza nyama nyekundu, siagi, jibini, vitafunwa vitamu na vyakula vya kukaangwa. Mwaka 2015 walitangaza kwamba kati ya wazee 923 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu, waliokaribia sana mlo huo walipata ugonjwa wa Alzheimer kwa kiwango cha chini kwa asilimia 53 kuliko waliokuwa mbali nao. Hiyo 53 ndiyo iliyozunguka dunia, na naamini ndiyo iliyomfikia ndugu yako.

Kilichofuata hakikuzunguka. Mlo huo huo ulifanyiwa jaribio la kweli: watu 604, wenye miaka 65 na kuendelea, wazito kiasi, wenye historia ya dimenshia katika familia, wakagawanywa kwa kura. Nusu walikula MIND, nusu waliendelea na mlo wao wa kawaida, na makundi yote mawili yakasaidiwa kupunguza kidogo kiasi cha chakula. Baada ya miaka mitatu, matokeo yakachapishwa mwaka 2023: makundi yote yalipungua kama kilo tano, yote yalipanda kidogo kwenye mitihani ya akili, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Je, ule wa kwanza ulikuwa uongo? Hapana. Uliangalia watu jinsi walivyo, na watu wanaokula mboga kila siku hutofautiana na wengine kwa mengi zaidi ya mboga. Wanatembea, hawavuti sigara, wamesoma, wanapima presha. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa Alzheimer huanza ndani ya ubongo miaka kumi, hata ishirini, kabla ya dalili. Mtu ambaye ugonjwa umeshaanza kumla kimya kimya huenda ndiye anayeacha kupika mboga. Tunadhani ukosefu wa mboga ulileta ugonjwa, kumbe ugonjwa ndio ulioondoa mboga. Uingereza, watumishi wa serikali zaidi ya 8,000 waliulizwa wanakula nini wakiwa na miaka kama 50, wakafuatiliwa karibu robo karne. Ubora wa mlo wao wa umri huo haukutabiri nani angepata dimenshia. Na jaribio la 2023 nalo lina udhaifu wake: miaka mitatu ni michache kwa ugonjwa wa miaka ishirini, na kundi la kulinganisha nalo lilikuwa likipungua uzito.

Kuna majaribio yaliyotoa nuru zaidi. Hispania, wazee 447 wa Barcelona waliongezewa mafuta ya zeituni au njugu kwenye mlo wa Kimediterania, nao wakafanya vizuri kuliko walioambiwa tu wapunguze mafuta. Lakini jaribio kubwa ambalo utafiti huo ni tawi lake lilikutwa na dosari za kugawa watu, ripoti yake ikaondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018, kwa hiyo mimi hulitaja kwa sauti ya chini. Ninalolitaja kwa sauti ya kawaida ni la Finland, lililoongozwa na Miia Kivipelto na kutangazwa mwaka 2015. Watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walio kwenye hatari. Nusu walipewa ushauri wa kawaida, nusu walipewa mlo, mazoezi, mafunzo ya akili na ufuatiliaji wa presha, sukari na mafuta ya damu, vyote pamoja, kwa miaka miwili. Hao wa pili walipanda zaidi kwenye mitihani ya akili. Marekani ilirudia wazo hilo kwa watu zaidi ya 2,100, na majibu ya mwaka 2025 yakaelekea huko huko: waliopewa ratiba ngumu na kufuatiliwa walipanda zaidi, ingawa hata walioachiwa wajipange wenyewe walipanda.

Hakuna anayeweza kukuambia ni sehemu gani ya mafanikio hayo ni ya sahani na ipi ni ya viatu. Mimi nadhani hilo ndilo jibu lenyewe. Chakula kinafanya kazi kikiwa na wenzake, na njia yake kuu ya kufika kichwani ni mishipa ya damu.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyetulia. Hauna ghala la maana. Kila sekunde unategemea damu inayopita kwenye mishipa mingine myembamba kuliko unywele, na mishipa hiyo ndiyo ambayo presha huikaza na kuipasua, sukari huitia kutu, lehemu, yaani kolesteroli, huiziba. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja vihatarishi 14 ambavyo vikiondolewa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. "Mlo mbaya" haumo kwenye orodha kwa jina lake. Ila soma tena: presha, kisukari, unene, lehemu mbaya, pombe ya kupindukia. Vitano hivyo vyote hupita mdomoni.

Hapo ndipo wewe unapoingia, mwenye miaka 46. Jopo hilo liliweka lehemu, presha na unene kwenye vihatarishi vya umri wa kati, yaani ulio nao sasa. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "nile nini", liwe "presha yangu ni ngapi". Ukiwa na mama mwenye presha na kisukari na hujui namba zako, kapime wiki hii: presha, sukari, lehemu. Marekani, jaribio la watu zaidi ya 9,000 wenye presha lilionyesha mwaka 2019 kwamba kuishusha ile namba ya juu hadi chini ya 120, badala ya kuridhika na chini ya 140, kulipunguza kwa asilimia 19 ile hatua ya awali ya akili kufifia. Walitumia dawa. Sioni aibu kusema kidonge cha presha kimelinda akili za watu kuliko mboga yoyote niliyowahi kuisifia.

Mlo wako upange kwa ajili ya namba hizo. Ule wa kushusha presha ulipojaribiwa miaka ya tisini, kwa watu wenye presha namba ya juu ilishuka kwa takriban 11 ndani ya wiki chache, na hawakula kitu cha ajabu: mboga na matunda kwa wingi, kunde, nafaka nzima, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nyama kidogo, sukari kidogo. Anza na kubadilisha, usianze na kuongeza. Maharage mahali pa nyama siku tatu kwa wiki. Mafuta ya mimea mahali pa siagi. Matunda mazima mahali pa juisi. Nafaka isiyokobolewa mahali pa iliyokobolewa. Nyama za makopo na soseji zipungue hasa kwa sababu ya chumvi yake. Ukiwa na uzito wa ziada, huu ndio umri wa kuupunguza. Ukifika 73 nitakuwa nakuomba usipungue. Pombe, kama hunywi, usianze kwa kisingizio cha moyo. Sigara hata sisemi.

Na usiku ukilala ukiwaza umerithi: mzazi mmoja kuugua dimenshia uzeeni huongeza hatari yako kiasi, haikufungi.

Kabla ya kwenda kliniki fanyeni haya. Siku tatu mfululizo, mmoja wenu aandike kila kinachoingia kinywani mwa mama, maji yakiwemo, kwa saa. Mpimeni uzito leo na kila wiki, mizani ile ile, asubuhi. Wekeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile vidonge vya mafuta ya samaki, mwende navyo. Nendeni na yule anayeshinda naye, asiende yule mwenye sauti kubwa kuliko wote. Majibu ya B12 yakitoka msikubali kuambiwa "iko kawaida" tu, ombeni namba. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu, na kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka ambalo kwa mtu mwenye dalili kama zake linahitaji kipimo cha pili. Niandikie namba hiyo na uzito wake wa wiki nne, tutaendelea kutoka hapo.